Sura ya 6: Mvua Imenyesha, Mbona Mto Umekauka?

Mwezi wa nne, bonde la Jangwani likijaa maji na mabasi yakasimama, watu wa Dar es Salaam huulizana maji yote haya yametoka wapi. Mwezi wa kumi, bomba likitoa upepo na dumu la lita 20 likapanda bei, watu walewale huulizana maji yamekwenda wapi. Kwala, Mlandizi na Kisarawe swali ni hilohilo, ila muulizaji ana ndoo kichwani au anaswaga ng'ombe wenye kiu.

Maswali hayo mawili yana jibu moja. Mto huharibikia nchi kavu, mbali na kingo zake, na hukohuko nchi kavu ndiko unakotengenezwa. Anayetaka kuurudishia mto maji kwa kuanza na mto wenyewe ameanzia mwishoni. Katika sura hii tutatoka Kwala, tupite Dodoma, Usangu, Kondoa na Shinyanga, tuone watafiti na wanavijiji wamejifunza nini kuhusu mito inayokauka: kipi kilifaulu, kipi kilishindikana, na nani alilipa gharama. Kisha tutarudi Kwala na orodha ya mambo ya kufanya.

## Tuanzie Kwala

Kwala ni kata ya Wilaya ya Kibaha, mkoani Pwani, magharibi ya Dar es Salaam. Wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya bandari kavu, yaani eneo la nchi kavu linalopokea makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 31 Julai 2025. Reli inafika, barabara ya zege inafika, na viwanda vinaota. Lakini kabla ya makontena, Kwala ilijulikana kwa malisho, vichaka na mkaa. Ukivuka kuelekea Kisarawe unakuta Hifadhi ya Msitu wa Ruvu Kusini, na mbele zaidi misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikinyemelewa na wachoma mkaa wanaolisha majiko ya jiji.

Pwani si jangwa. Ina misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Basi kwa nini tunaiweka katika sura ya nchi kame? Kwa sababu ukame haupimwi kwa mvua peke yake. Wataalamu hulinganisha vitu viwili: mvua inayoingia, na maji ambayo jua na upepo vina uwezo wa kuyavuta kutoka ardhini na kwenye majani. Huko kuvutwa kwa maji kurudi hewani huitwa mvukizo. Pale ambapo uwezo wa mvukizo unaizidi mvua kwa mbali, nchi huhesabiwa kuwa kame au nusu kame, hata kama zipo wiki ambazo barabara hugeuka mito. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Kwala huishi maisha ya nchi kame: nyasi hukauka, moto hupita, vijito hukatika, na mifugo yote huelekea mahali pamoja, bondeni mwa Ruvu.

Na Ruvu si mto wa Kwala peke yake. Unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, unapokea Mgeta na Ngerengere, unakata nyanda za Pwani na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Njiani umejengewa mitambo miwili mikubwa ya maji ya Dar es Salaam na Pwani. Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, ulioko Bagamoyo, lita milioni 270. Mwishoni mwa 2022 vuli ilipochelewa, kina cha mto kilishuka hadi mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgawo. Novemba mwaka huohuo ukasainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, Morogoro, lililokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190.

Bwawa lina faida yake, tena kubwa. Lakini bwawa huhifadhi kile tu kinacholifikia, na kinacholifikia ni maji pamoja na tope. Milima ikivuliwa miti na mabonde yakilimwa hadi ukingoni, tope huongezeka na nafasi ya maji hupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hata mwenye bwawa hawezi kulikwepa suala la ardhi iliyo juu yake.

## Mvua ikifika chini huenda wapi?

Mvua inapofika ardhini ina njia tatu:

1. Kurudi hewani kwa mvukizo.
2. Kutiririka juu ya ardhi hadi kwenye korongo, kijito na mto.
3. Kuzama ardhini.

Maji ya njia ya pili ndiyo tunayoyaona. Hufika mtoni kwa saa chache, hubeba udongo, hung'oa makaravati, na baada ya siku mbili tatu yako baharini. Maji ya njia ya tatu hayana haraka. Husafiri chini ya ardhi kwa miezi, pengine kwa miaka, kisha hujitokeza kama chemchemi au huvuja taratibu kwenye kingo za mto. Hayo ndiyo yanayoufanya mto utiririke mwezi wa tisa wakati hakuna wingu. Wataalamu huyaita mtiririko wa msingi. Mto uliokosa mtiririko wa msingi una tabia moja: masika hufurika, kiangazi hufa.

Kinachoamua maji yashike njia ipi ni hali ya uso wa ardhi. Penye nyasi, majani makavu na mizizi, udongo una vitundu vingi vilivyotobolewa na mchwa, minyoo na mizizi iliyooza, na maji hupata pa kuingilia. Nyasi zikiisha, matone ya mvua huupondaponda udongo na kuviziba vile vitundu. Jua likiwaka, uso hushikana na kuwa gamba. Kwato za mifugo mingi zikipita hapohapo kila siku, udongo hushindiliwa zaidi. Mvua inayofuata huangukia gamba hilo kama inavyoangukia bati: kelele nyingi, maji mengi kwenye mfereji, na chini kukavu.

Msomaji anaweza kulipima jambo hili mwenyewe. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toa kifuniko na kitako libaki wazi pande zote mbili. Lididimize ardhini kiasi cha vidole vitatu, mahali palipo na nyasi au chini ya mti. Mimina lita moja ya maji, kisha tazama saa mpaka maji yaishe. Hamia kwenye njia ya ng'ombe au uwanja uliofagiliwa, urudie. Chini ya mti maji yataishia ardhini huku ukitazama. Kwenye njia ya ng'ombe utaweza kwenda kuchota maji mengine na kurudi ukayakuta. Watafiti wa udongo wana vyombo vilivyopimwa vizuri zaidi, lakini kanuni yao ndiyo hiyohiyo ya kopo.

Kwa ufupi: Mafuriko ya masika na ukame wa Oktoba ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Maji ambayo yangezama ili yatumike kiangazi yamekimbia yote kwa pamoja wakati wa mvua.

## Mto usio na maji una maji

Mtu wa Pwani anayesafiri kwenda Dodoma hushangaa kuona madaraja marefu yaliyojengwa juu ya mchanga mtupu. Hayo ni makorongo ya mchanga: mito inayotiririka kwa saa au siku chache kwa mwaka. Wenyeji wanajua kwamba mchanga huo si mkavu. Mama akichimba kwa kibuyu au sufuria kina cha mkono mmoja, maji hujikusanya taratibu, safi kuliko ya lambo, kwa kuwa yamechujwa na mchanga. Tembo wa Ruaha nao huchimba vivyo hivyo kwa mikonga na miguu, na wanyama wadogo hunywa baada yao.

Maelezo yake ni mepesi. Kati ya punje na punje ya mchanga kuna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa hufika robo ya ujazo wote, pengine zaidi. Maji yakiingia humo, jua huyavuta yale ya juu tu. Yaliyo chini hubaki salama kwa miezi. Wakamba wa Machakos na Kitui, nchini Kenya, wameigeuza kanuni hiyo kuwa ujenzi. Hujenga ukuta mfupi wa mawe na saruji kukatiza korongo, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na mchanga huo hubeba maji. Huitwa mabwawa ya mchanga, na yako mamia kwa mamia Ukambani.

Ushahidi mkubwa kabisa wa kazi ya mito hiyo uko Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye visima virefu vinavyouhudumia mji huo. Kina cha maji ya visima hivyo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, jambo adimu katika Afrika ya tropiki. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walipochambua kumbukumbu za miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010, waliona kwamba maji ya chini hayaongezeki kila mwaka. Miaka mingi hushuka tu. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, na kina huruka juu. Misimu saba tu yenye mvua kubwa kuliko yote ilichangia karibu asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini katika miaka hiyo 55. Msimu wa El Niño wa 1997/98 peke yake ulichangia karibu moja ya tano.

Maana yake ni hii: mvua ileile iliyovunja madaraja na kukata reli mwaka 1998 ndiyo iliyoinywesha Dodoma kwa miaka iliyofuata. Na sehemu kubwa ya maji huingilia kwenye vitanda vya mchanga vya makorongo yanayotiririka kwa siku chache. Kwa hiyo tipa zinazosomba mchanga wa mtoni kwa ajili ya tofali na zege hazichukui uchafu ulioachwa na mto. Zinachukua mlango wa maji na ghala lake. Wakazi wa kando ya mito midogo inayozunguka Dar es Salaam, kama Mpiji na Msimbazi, wameona matokeo: kingo hubomoka, mto hushuka chini, na visima vifupi vya jirani hukauka.

## Nani aliukausha Ruaha?

Mtaalamu huombwa jibu, na mara nyingi jibu huwa limeshatolewa mitaani kabla hajafika. Mto Ruaha Mkuu ni mfano mzuri. Unakusanya maji kutoka nyanda za juu za Mbeya na Njombe, unapita bonde la Usangu na tindiga la Ihefu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuyalisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993, mto huo umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi kila kiangazi. Mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza akiwa London kwamba serikali itahakikisha mto unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010.

Lawama ziliangukia ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao. Wengi walielekezwa Lindi, na baadhi wakaishia Pwani. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ulipofika mto ulikuwa bado unakatika, na mwishoni mwa 2022 ulikatika kwa miezi.

Watafiti waliokuwa wamefanya kazi Usangu kabla ya operesheni hiyo walikuwa wamelitazama jambo kwa utaratibu: mvua imepungua? Misitu ya juu imebadilika? Maji yanaingia bondeni kiasi gani, na yanatoka kiasi gani? Walichokiona ni kwamba maji ya kiangazi yalikuwa yakichepushwa kwenye mabanio ya mifereji ya mpunga. Banio ni kizuizi kinachokingwa mtoni ili kuyageuza maji yaingie mferejini. Mabanio yaliachwa wazi hata wakati ambao shambani hapakuwa na mpunga, kwa sababu vijiji vilivyo kando ya mfereji vilikuwa vikichota humo maji ya kunywa na kufulia. Maji mengi yaliishia kwenye majaruba matupu na kurudi hewani. Ng'ombe hakuwa malaika, lakini mtuhumiwa mkuu alikuwa amekaa mahali pengine.

Watafiti hao hawakuishia kwenye ripoti. Walitengeneza ubao mrefu, wakaulaza kwa mteremko, katikati wakachonga mto na pembeni vishimo vya mashamba. Maji yalikuwa gololi za kioo, mabanio yalikuwa vijiti. Wakulima wa Usangu waliitwa wacheze, kila mmoja na shamba lake. Gololi zikimwagwa kutoka juu, wa juu hutega vijiti na kujaza vishimo hadi kufurika. Wa chini huchungulia ubao na kukuta gololi mbili au hakuna. Mchezo ukirudiwa, wachezaji hubadilishana nafasi. Mkulima wa juu akiketi chini ya ubao kwa dakika kumi huelewa kitu ambacho mikutano mingi ya hadhara ilishindwa kumweleza, na hapo mazungumzo ya zamu za maji huwa yameanza.

Kwa ufupi: Pima kwanza, hukumu baadaye. Kumhamisha mtu asiyehusika hakurudishi maji. Huhamisha tatizo hadi wilaya nyingine.

## Ardhi ikipumzishwa

Je, ardhi iliyokwisha kuchakaa inaweza kupona? Tanzania ina majaribio mawili makubwa, na yote mawili yanajibu ndiyo. Tofauti iko kwenye namna.

La kwanza ni Kondoa. Milima ya Irangi ilikuwa imekatwa na makorongo marefu kiasi cha kumeza nyumba, na mchanga uliotoka humo ulifunika mashamba ya mabondeni. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Walijenga matuta na kupanda miti, lakini mifugo iliyatifua. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti. Makorongo mengi yakatulia. Ushahidi ulionekana kwa macho: ardhi hiyo haikuhitaji kupandwa upya, ilihitaji kuachwa. Lakini familia zilizoishi kwa maziwa na samadi zilipoteza vyote kwa amri moja, na mifugo iliyoondoka ilikwenda kula mahali pengine. Miaka kumi hivi baadaye ng'ombe wa maziwa wakaanza kuruhusiwa kwa masharti ya kufugwa bandani.

La pili ni Shinyanga. Huko miti ilifyekwa kwa miongo, kwanza kuangamiza mbung'o anayeeneza magonjwa ya malale na nagana, kisha kupisha pamba. Rais Julius Nyerere aliiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu na miche ya kugawa, na haukwenda mbali. Mabadiliko yalikuja maofisa walipogeukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani: ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi malisho yakiadimika. Sheria zake zilitungwa na wanakijiji kwenye dagashida, mkutano mkuu wa jamii, na mvunjaji alitozwa faini na wenzake.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa karibu hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti walihesabu humo aina 152 za mimea na aina 145 za ndege, katika mkoa uliokuwa umeandikwa kuwa jangwa. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Si kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Wenye ardhi kubwa walipata ngitili kubwa, na maskini wengine walibaki kununua nyasi na kuni zilizokuwa za bure. Lakini hakuna aliyehamishwa, na mradi ulipofungwa ngitili hazikufungwa nao.

## Si kila mti ni dawa

Kwa nini tusipande tu miti mingi ya haraka tukamaliza? Jibu liko Baringo, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kando ya Ziwa Baringo ulipandwa mti wa kigeni unaoitwa mathenge, ili wananchi wapate kuni na kivuli. Ulistahimili ukame kuliko ilivyotarajiwa. Mbuzi walikula maganda yake matamu na kutawanya mbegu, vichaka vya miiba vikafunga njia na malisho, na sukari ya maganda ikawaozesha mbuzi meno. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya wenyeji wa kando ya ziwa hilo walioishtaki serikali, walipeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi.

Mti uliofaa nchi moja unaweza kuiharibu nyingine, na mti unaokunywa maji mengi, kama mkaratusi, ukipandwa kwenye chanzo cha maji unaweza kukausha chemchemi uliyoletewa kuilinda. Kabla ya kuuliza tupande mti gani, tuulize miti gani iko hai tayari chini ya ardhi.

Swali hilo ndilo msingi wa njia iitwayo Kisiki Hai. Mtaalamu wa Australia, Tony Rinaudo, aliyekuwa akipanda miche Niger mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuiona ikifa, alitambua kwamba vichaka alivyovikanyaga kila siku vilikuwa miti iliyokatwa, yenye mizizi mirefu iliyo hai. Mizizi hiyo ilihitaji nafasi tu. Njia hiyo imeenea kwenye mamilioni ya hekta nchini humo, na Dodoma inafundishwa na mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit. Hatua zake ni nne:

- Kuchagua: tafuta kisiki kinachochipua na uteue machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu.
- Kupogoa: kata mengine yote, pamoja na matawi ya chini ya yale uliyoyachagua.
- Kuweka alama: funga kitambaa cha rangi, ili mchunga mbuzi na mkata kuni wajue kisiki hicho kina mwenyewe.
- Kulinda: rudi kila baada ya miezi michache kupogoa, na uzuie moto na mifugo.

Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia, hakuna mbegu ya kununua. Panga na kitambaa vinatosha.

## Turudi Kwala

Sasa chukua mafunzo hayo uyapeleke kwenye msitu uliokwisha kupitiwa na wachoma mkaa kati ya Kwala na Kisarawe. Mkwaju, mninga, mpingo, migunga: miti mingi ya nchi yetu ikikatwa huchipua, mradi kisiki kisichimbuliwe wala kisichomwe moto kila mwaka. Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji vimeonyesha tangu 2012 kwamba hata mkaa wenyewe unaweza kupangwa: msitu wa kijiji hugawanywa vitalu vidogo, kitalu hukatwa na jirani yake huachwa, na kilichokatwa hupumzishwa miaka 24. Mapato hujenga zahanati na madarasa, na msitu hubaki msitu.

Kwa watu wa Kwala na majirani zao, orodha ni hii:

1. Tengeni malisho ya kiangazi. Kijiji kifunge sehemu ya malisho kuanzia masika na kuifungua Agosti. Wafugaji wawepo wakati wa kutunga sheria, kwa sababu ndio watakaozitii au kuzivunja. Baadhi yao wanatoka jamii zinazojua ngitili kuliko ofisa yeyote.
2. Lindeni visiki kabla ya kuomba miche. Pita eneo lililokatwa, hesabu machipukizi, funga vitambaa.
3. Acheni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tengeni njia chache za kunyweshea mifugo, ukingo mwingine upumzike.
4. Zuieni tipa mtoni. Mchanga wa ujenzi una machimbo yake. Mchanga wa mtoni una kazi nyingine.
5. Wajengaji wazamishe maji yao. Kila hekta ya zege na bati kwenye bandari kavu na viwanda hunyima ardhi maji na kuongeza mafuriko kwa jirani. Mabwawa ya kuzamishia maji ya mvua yawekwe kwenye ramani kabla jengo halijaanza, si baada ya barabara kukatika.
6. Wa chini awalipe wa juu. Kuanzia 2006, wakulima wa Kibungo Juu, Uluguru, walilipwa kupitia mradi wa mashirika ya CARE na WWF ili wachimbe matuta na kupanda miti kwenye miteremko inayolisha Ruvu, na DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar es Salaam wakati huo, pamoja na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza zikakubali kuchangia. Mnywaji wa Dar es Salaam kumlipa mkulima wa Uluguru si sadaka. Ni ankara ya maji kama ankara nyingine.

Katika mifano yote tuliyoipitia, fedha hazikuwa kitu cha kwanza kilicholeta tofauti. Kondoa ilikuwa na amri bila ridhaa, na ikapona kwa machozi. Usangu walikuwa na ahadi ya Waziri Mkuu bila kugusa mabanio, na mto ukaendelea kukatika. Shinyanga walikuwa na sheria waliyoitunga wenyewe, na nyasi zikarudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye kwenye serikali ya kijiji, kamati ya maliasili au jumuiya ya watumia maji, usisubiri siku ya upandaji miti kitaifa. Kabla ya masika ijayo itisheni mkutano, tengeni ekari za kupumzisha, na andikeni kwenye muhtasari faini ya atakayezivamia, hata akiwa mjumbe. Kijiji kitakachoshindwa hilo hakitasaidiwa na miche ya bure.